Mia Moja Arobaini na Moja

Septemba 3

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya kanuni za hesabu, na kurasa sita za mwanzo zimejaa pembetatu. Zilizobaki nitaziandikia hasira zangu, maana nyumba hii haina mtu wa kumwambia.

Kama likiokotwa, mwenyewe ni Danika Ouellette, miaka thelathini na moja, msaidizi katika kliniki ya tiba ya viungo hapa Saint-Aubin, kaskazini kabisa mwa Maine. Ukivuka mto uko Kanada. Miaka tisa nimeweka taulo za moto kwenye migongo ya watu, nimehesabu "moja, mbili, shikilia hapo", na nimefuta vitanda. Warren ndiye mtaalamu, yaani yeye ndiye anayegusa, anayepima na anayeamua. Mimi nataka kuwa huyo.

Ili niwe huyo lazima nisome miaka mitatu Chuo cha Stannard, na Stannard hawafungui hata jalada lako mpaka alama za mtihani wa kuingilia ziwafikie: hesabu 150, lugha 150, insha 4. Mwisho ni Oktoba mosi. Mwaka jana niliomba nikiwa na hesabu 146, wakanikataa kwa mistari mitatu. Mtu huruhusiwa kuomba mara mbili tu, basi. Kwa hiyo hii ndiyo ya mwisho.

Kuna mtihani mwingine kabla ya ule, wa mwaka juzi. Huo sikuutuma popote. Nilipata hesabu 141, na anayejua ni Warren peke yake.

Septemba 6

Nimemwambia kaka yangu Gilles kwamba tarehe 17 sitakuwepo shambani. Nafasi ya mtihani niliyopata ni siku hiyo tu, na ukumbi uko mwendo wa saa nne kusini.

Alikuwa chini ya mashine ya kuvunia viazi, miguu tu nje. Miguu ikaacha kutikisika.

"Tarehe 17 ya mwezi huu?"

"Ya mwezi huu."

"Siku ya kwanza ya mavuno."

"Najua ni siku gani, Gilles."

"Hujui. Ungejua usingesema." Akatoka, uso mweusi kwa grisi. "Shule zinafungwa watoto waje kuokota mawe yanayopanda na viazi kwenye mashine. Mkuu wa posta anachukua likizo aje kuokota mawe. Kasisi mwenyewe alikuja mwaka jana, na ana ngiri! Wewe unakwenda kujibu maswali ya treni mbili zinazokutana njiani?"

"Ndiyo."

"Na zikikutana?"

"Nitakupigia simu."

Baba alikuwa mlangoni na kikombe chake. Alisema tu kwamba Mama, Mungu amrehemu, alinizaa Oktoba siku ya Jumatano, na Alhamisi alikuwa akipika chakula cha wavunaji. Lakini nitakwenda.

Septemba 9

Mvua. Pembetatu.

Septemba 13

Warren ni mtu mwema, acha niliandike hilo. Leo aliniachia saa nzima ya mchana nisome kwenye chumba cha baiskeli za mazoezi, na akanisahihishia maswali ya asilimia. Akasema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani, Danika." Nilicheka. Njiani kurudi nyumbani nikaanza kujiuliza alimaanisha nini.

Septemba 17

Niliondoka alfajiri nikiwa na ploye mbili, chapati laini za huku kwetu, zilizopakwa siagi, nimezikunja ndani ya karatasi. Ukungu ulifunika barabara. Saa kumi na moja nilifungua redio, kama anavyofanya kila mtu hapa Kauntini msimu huu, kwa sababu mtangazaji husoma shamba kwa shamba nani anachimba leo na nani anangoja udongo ukauke. Thibodeau, saa moja. Michaud, hawachimbi, ukanda umekatika. Kisha:

"Shamba la Ouellette, wanachimba, saa kumi na mbili na nusu. Gilles anasema anawataka watu wote, wakiwemo wanaojidhania madaktari."

Mtangazaji akacheka mwenyewe. Kaunti nzima ilikuwa ikinywa kahawa yake na kusikiliza. Nilipiga usukani kwa kiganja, nikamtukana Gilles kwa Kifaransa cha Bibi, kisha nikaongeza mwendo. Sikurudi. Nilitaka nirudi kwa dakika moja hivi, karibu na daraja, lakini sikurudi.

Ukumbini walinigeuza mifuko, wakaniangalia ndani ya mikono ya sweta, wakanipa penseli mbili. Insha ilikuja kwanza. Swali lilidai kwamba watu wafanyao kazi za mikono hawahitaji kufikiri sana, nijadili. Nililijadili! Niliandika kwa ghadhabu, vidole vikagonga kompyuta hadi jirani yangu akanitazama. Sikumbuki kama nilikuwa na utangulizi.

Hesabu ilikuwa ngumu, lakini mara hii sikukimbia. Swali likinishinda niliwaza niko kwenye ukanda wa mashine: jiwe hili, litupe, jingine linakuja.

Mwishoni kompyuta huonyesha alama mbili papo hapo. Ya insha husahihishwa baadaye na watu. Lugha 151. Hesabu 152.

Niliisoma mara tano. Mia moja hamsini na mbili! Msimamizi alinigusa bega akaniuliza kama niko sawa, maana nilikuwa nimeziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Kisha skrini ikauliza zitumwe wapi, na kama nataka zitumwe za leo peke yake au za mitihani yote. Za leo peke yake! Nani angetaka kubeba 141 katika siku kama hii? Nikaandika Stannard, jina likatokea, nikalibonyeza, nikatoka.

Niliporudi walikuwa bado shambani. Sikubadilisha nguo. Nilipanda kwenye mashine nikaokota mawe hadi giza.

Septemba 18

Gilles hasemi nami. Ananionyesha kwa kidole. Mgongo unauma kama umepigwa rungu.

Septemba 20

Insha bado.

Septemba 21

Nilimuuliza Gilles kama ataendelea kununa hadi theluji. Akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa." Nikamwambia afadhali amefungua mdomo.

Septemba 23

Mvua asubuhi, hatukuchimba. Insha bado. Nimefua jaketi la Baba, ambaye hataki mtu aguse bega lake bovu wala jaketi lake.

Septemba 24

Insha bado.

Septemba 26

Siku ndefu. Niiandike kwa utaratibu nisije nikaharibu kurasa.

Asubuhi alikuja Bwana Léonide Cyr, aliyewekewa goti la chuma mwezi wa nane. Warren alimlaza, akaweka kipimo cha pembe gotini, mimi nikashika jalada. "Nyuzi mia moja kumi na mbili," akasema Warren. Bwana Cyr akaomba aone jalada lote. Nikampa. Akaona namba ya siku yake ya kwanza: sitini na mbili.

"Sitini na mbili! Siku ile nilikuomba uandike themanini, binti, ukakataa."

"Nilikataa."

"Nilikulaani hadi kwenye gari."

"Nilikusikia. Dirisha lilikuwa wazi."

Akacheka hadi akakohoa. Akatoa simu akapiga picha ukurasa, sitini na mbili juu, mia moja kumi na mbili chini, akisema atawaonyesha wote kanisani, na shemeji yake ndiye wa kwanza. Warren akampigapiga begani. "Ndiyo maana namba ya kwanza haifutwi, Léonide," akamwambia. "Bila hiyo, hii ya leo ni namba tu."

Saa nne na nusu barua pepe ikaja. Insha 3.5.

Nilikwenda chumba cha taulo nikafunga mlango. Stannard wanataka 4. Nimekosa nusu alama! Hesabu iliyonitesa miaka mitatu nimeishinda, halafu insha, mimi niliyekuwa nikiwaandikia hotuba darasa zima, imeniangusha. Kwa sababu niligombana na swali badala ya kulijibu. Nililia, lakini kwa hasira, na huko ndiko Warren alikonikuta.

Alikaa juu ya kikapu cha taulo. Nikamweleza. Kisha nikakumbuka jambo: Stannard huchukua alama bora ya kila sehemu, mradi uwatumie mitihani yako yote. Na ni mtihani mmoja tu niliopata insha ya kutosha, 4.5. Ule wa mwaka juzi. Ule wa 141.

"Usitume huo," akasema Warren mara moja.

"Nikiutuma nimetimiza masharti yote."

"Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini watamwona mtu wa 141, Danika. Na hii ni mara yako ya mwisho. Wakikukataa, mlango umefungwa kabisa." Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa mgumu. "Ombi lisilokamilika halihesabiwi. Liache lipite. Mwakani utafanya tena, upate zote kwa mkupuo, uwapelekee karatasi safi. Nani ana haraka? Wagonjwa wanakupenda. Mimi bila wewe hapa siwezi."

Nikatikisa kichwa kukubali. Nikarudi kuhesabu "moja, mbili, shikilia hapo".

Jibu likanijia jioni naosha vyombo, kama kawaida yangu, saa nane nzima zikiwa zimepita tangu tuzungumze. Asubuhi namba ya kwanza haifutwi. Saa tano yangu mimi ifichwe. Na ile "bila wewe siwezi": miaka tisa nimeichukua kuwa sifa. Leo naiona ni kamba.

Lakini naogopa. Acha niliandike na hilo. Nikituma nikakataliwa, nitaweka taulo hadi niwe kikongwe, na sitakuwa na wa kumlaumu.

Septemba 27

Sikuwa na zamu kliniki, nilikuwa kwenye mashine. Saa tano, tulipogeuka mwisho wa mstari, nilitazama simu. Ukurasa wa maombi ulisema: Alama, hazijapokelewa. Hata hizi za 152 hazijapokelewa! Barua ya jana ilisema zimeshatumwa. Nikapiga simu Stannard palepale juu ya mashine, kidole kimoja sikioni, mawe na viazi vikipita mbele yangu bila mtu.

Gilles akaona mawe yanaingia kwenye lori. Akageuka kutoka kwenye trekta, akapaza sauti, "Unafanya nini wewe?"

"Napiga simu!"

"Kwa nani, Papa wa Roma?"

"Alama zangu zimepotea!"

Nilingoja matusi. Badala yake trekta ikanguruma, ikakohoa, ikazima. Nataka nieleze uzito wa jambo hili: Gilles hakuzima mashine siku ya mazishi ya Shangazi Bernadette, alikwenda kanisani akaacha watu wakichimba. Akateremka, akawasha sigara, akatazama saa.

"Dakika kumi," akasema. "Halafu nakurushia kiazi."

Mwanamke wa ofisi ya udahili ya Stannard alikuwa na subira. Akatafuta jina langu, hakuna. Akaniuliza, "Mpenzi, uliandika namba gani ya chuo?"

"Namba ipi? Nilibonyeza Stannard."

"Stannard ipi?"

Kumbe ziko mbili. Kila chuo kina namba yake ya tarakimu nne kwenye ofisi ya mtihani, lakini tiba ya viungo ina namba yake peke yake, mstari wa pili, chini ya jina la chuo. Mimi nilibonyeza mstari wa kwanza. Alama zangu ziko chuoni, katika jengo lingine, kwenye mfumo wasiousoma wao, na hakuna awezaye kuzihamisha.

"Kila mwaka huwapata watu," akasema. "Ni kama kupeleka mavuno ghala la jirani. Tuma upya leo, kwa namba hii. Huchukua siku moja hadi tano."

"Mwisho ni Jumanne."

"Ndiyo, mpenzi. Ndiyo maana nimesema leo."

Niliandika namba kwa kidole kwenye vumbi la ukanda, maana sikuwa na kalamu. Nikafungua tovuti ya mtihani. Safari hii nilisoma mstari mmoja mmoja kama anayesoma wosia. Stannard, hapana. Chini yake: Stannard, Tiba ya Viungo. Hiyo. Kisha swali lilelile: mtihani wa karibuni, au yote?

Mkono ukasimama.

"Nini tena?" akauliza Gilles.

Nikamwambia. Sijui kwa nini yeye, na mbele ya wavunaji sita. Nikasema kuna mtihani niliouficha, nilipata hesabu mbovu mno, na nikiutuma wataniona mjinga, na nisipoutuma sina insha ya kutosha.

"Ulipata ngapi?"

"Mia moja arobaini na moja."

"Hiyo ni mbaya?"

"Mbaya sana."

Akavuta sigara. "Na safari hii?"

"Hamsini na mbili."

"Sasa unaona haya ya nini? Mimi ningeitundika mlangoni." Akatazama saa. "Dakika tisa."

Nilibonyeza *yote*. Ukishayavulia nguo maji sharti uyaoge. Gilles akapanda trekta, mashine ikanguruma, nami nikarudi kwenye mawe.

Nimemlalamikia kaka yangu katika kurasa nyingi hapo juu. Sifuti, lakini naongeza hili.

Septemba 28

Jumamosi. Alama: hazijapokelewa. Maharage kwa chakula cha jioni, kama kila Jumamosi tangu nizaliwe.

Septemba 29

Hazijapokelewa. Kanisani Bwana Cyr alinionyesha picha ya jalada lake mwenyewe, kama kwamba sikuliandika mimi.

Septemba 30

Hazijapokelewa asubuhi. Hazijapokelewa mchana. Katikati ya hapo nilimwambia Warren.

"Nimetuma yote."

Alikuwa anafunga bendeji. Hakuinua macho. "Tulizungumza, Danika."

"Wewe ulizungumza. Mimi nilitikisa kichwa."

"Nilikuwa nakutakia mema."

"Najua. Siku hiyohiyo ulimwambia Bwana Cyr namba ya kwanza haifutwi."

"Goti si mtihani."

"Goti langu ni hilo, Warren. Miaka miwili nalikunja."

Akasema nimekuwa mkali siku hizi. Nikamwambia ndiyo. Akasema ana wasiwasi nitaumia. Nikamwambia nikiumia niko mahali pazuri, kliniki. Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka, Warren naye akalazimika kucheka, lakini masikio yake yalikuwa mekundu. Baadaye alinikuta nikipanga mipira ya mazoezi akaniambia kwa sauti ya chini kwamba aliwahi kupata wasaidizi wanne kabla yangu, na wote walishindwa ndani ya miezi mitatu. Aliona hilo ni sababu ya mimi kubaki.

Saa kumi na moja jioni: hazijapokelewa.

Oktoba 1

Sikwenda kliniki, niliomba siku. Nilikwenda kwenye mashine, kwa sababu kukaa nyumbani kungeniua. Simu niliibandika kwa utepe kwenye nguzo mbele yangu, na kila mwisho wa mstari Gilles alinipigia honi mara moja, maana yake, tazama.

Honi. Hazijapokelewa.

Honi. Hazijapokelewa.

Saa nane wavunaji wote walikuwa wanajua. Honi ikilia, mama wa akina Thibodeau anauliza, "Vipi?" nasema bado, anatema mate pembeni. Saa tisa upepo ukageuka ukaja wa kaskazini, vidole vikafa ganzi. Baba, ambaye hajapanda mashine tangu bega limshinde, alikuja akasimama mwisho wa mstari na chupa ya kahawa, akanitazama.

Honi. Saa tisa na dakika arobaini.

*Zimepokelewa.*

Niliinua mikono miwili yenye glavu za matope. Gilles hakuizima mashine. Alipiga honi mfululizo, ndefu, hadi mbwa wa Michaud upande wa pili wa barabara wakaanza kubweka, na Baba akamwaga kahawa.

Mawe manne yaliingia kwenye lori. Hakuna aliyelalamika.

Oktoba 4

Mvua.

Oktoba 10

Baridi kali, udongo umeganda juu, tuliingia shambani saa nne. Nina msuli begani ambao sasa naujua kwa jina lake la Kilatini, na unauma kwa majina yote.

Oktoba 16

Mstari wa mwisho. Gilles aliwanunulia watu bia. Alinyanyua yake akasema, "Kwa wanaojidhania madaktari," na safari hii alinitazama usoni aliposema.

Oktoba 24

Wamefungua jalada! Stannard wananiita kwenye usaili, Novemba 7, kwa kompyuta. Maombi mia sita, usaili themanini, nafasi thelathini na mbili. Mwaka jana sikufika hapa. Warren alisoma barua mara mbili, akasema hongera, kisha akaniuliza kama nimeshapanga ratiba ya Desemba.

Novemba 7

Nilifanyia jikoni, ndiko mtandao unakoshika. Nilimwomba Baba atoke. Akasema, "Hili jiko langu," akakaa upande wa jiko la kuni, nje ya kamera, akimenya viazi. Nilivaa blauzi nyeupe juu na suruali ya shambani chini.

Walikuwa watatu. Mkubwa wao, Dokta Penhallow, ana nywele nyeupe fupi na hapotezi maneno. Waliuliza kwa nini tiba ya viungo, nikajibu. Waliuliza kuhusu mgonjwa mgumu, nikawaeleza mtu mmoja aliyenilaani hadi kwenye gari. Wawili walitabasamu. Dokta Penhallow hakutabasamu. Alivaa miwani.

"Bi Ouellette, ninayo mitihani yako mitatu hapa. Katika huu wa kwanza ulipata hesabu 141. Watu huwa hawatutumii namba kama hii."

"Nilihitaji insha yake."

"Naelewa. Lakini nakuuliza kuhusu hesabu. Mwaka wa kwanza hapa tunafundisha mekanika ya mwili, na takwimu, na kasi yake ni ya kikatili. Kila mwaka kuna wanaoshindwa somo. Ukishindwa, utafanya nini?"

Kisu cha Baba kikaacha kumenya.

Nilikuwa nimeandaa jibu. Niliandika hata kwenye kadi: *nitatafuta msaada mapema, nitaunda kundi la kujisomea.* Kadi ilikuwa mbele yangu. Sikuisoma.

"Nitarudia," nikasema. "Nikishindwa tena, nitarudia tena. Wengine wakikuambia hivyo itabidi uwaamini kwa maneno, Dokta. Mimi ushahidi unao mkononi. Mia moja arobaini na moja, arobaini na sita, hamsini na mbili. Nilifanya huku nafanya kazi kliniki na kuvuna viazi, na hakuna aliyeniambia nitaweza. Karatasi safi ningeweza kuwaletea mwakani. Ingewaeleza nini?"

Nilidhani mtandao umekatika. Kisha nikaona Dokta Penhallow anaandika, anaandika muda mrefu, bila kuinua kichwa.

"Asante," akasema. "Sina swali lingine."

Nilifunga kompyuta. Nimejifukuzisha, niliwaza. Nimewafokea kama nilivyolifokea swali la insha. Baba aliendelea kumenya.

"Ulikuwa mkali," akasema.

"Najua, Baba."

"Mama yako angekuwa mkali zaidi." Akasukuma sufuria kwangu. "Kata hivyo."

Novemba 12

Hakuna.

Novemba 15

Hakuna. Theluji ya kwanza, ya kuyeyuka.

Novemba 19

Hakuna. Warren amebandika ratiba ya Desemba. Jina langu liko kila siku, hata tarehe niliyoomba kupumzika.

Novemba 22

Simu ililia saa tano kasoro robo, nikiwa katikati ya kumhesabia mtu. Namba ya kusini. Nikamwambia mgonjwa, "Shikilia hapo," nikatoka nje kwenye maegesho bila koti.

Alikuwa Dokta Penhallow mwenyewe. Akasema kwa kawaida hupeleka barua, lakini hii alitaka kuisema kwa mdomo. Nimepata nafasi. Masomo yanaanza Juni. Akaniuliza kama bado niko kwenye simu. Nikasema ndiyo, ndiyo, niko, na nilikuwa nalia waziwazi katikati ya magari, pua inachuruzika, na wala sikujificha.

Nikampigia Gilles kwanza. Akasema, "Juni hadi lini?" Nikasema miaka mitatu. "Kwa hiyo mavuno matatu nakosa mwokota mawe." Nikasema ndiyo. "Nitamwambia mtu wa redio," akasema, akakata.

Nikarudi ndani. Mgonjwa wangu maskini alikuwa bado ameshikilia. Nikamwachilia, nikaenda mezani kwa Warren nikamwambia.

Akasimama. Akanikumbatia, na najua alikuwa na furaha, simnyimi hilo. Akanishika mabega akanitazama kwa fahari, kama kwamba mimi ni kazi ya mikono yake. Wagonjwa wanne walikuwa wanasikiliza.

"Nilijua," akasema. "Nilijua tangu mwanzo."

Miaka tisa yote hii ningetikisa kichwa kukubali.

"Hapana, Warren," nikamwambia. "Hukujua. Mimi ndiye niliyejua."